Kabla hujanunua mashine ya kufyonza vumbi, ulizia mfuko wake kwanza

Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na barabara inayopita mbele ya nyumba yetu haina lami. Kuanzia Juni mpaka Oktoba vumbi linaingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mwanangu wa pili ana pumu. Siku moja daktari aliniuliza, "Mama, zulia la sebuleni mnalisafisha kwa kutumia nini?" Nikamjibu, kwa fagio. Akatikisa kichwa. Fagio likipita kwenye zulia kavu, mchanga unaondoka, lakini lile vumbi laini linapanda hewani, linaelea muda mrefu, kisha linashuka taratibu kwenye sofa, kwenye godoro na kwenye kifua cha mtoto.

Mashine ya kwanza tuliyonunua ilikufa baada ya miezi minne. Nikaipeleka kwa fundi nikiamini umeme umeiunguza. Aliifungua mbele yangu, akachomoa kichujio kilichoganda kama ubao. "Mama, hii umeme haujaigusa. Imekosa pumzi." Kumbe nilikuwa nimefyonzea vumbi la plasta mafundi walipomaliza kukarabati jiko, kichujio kikaziba, mota ikapata joto mpaka ikaungua. Nilirudi dukani kutafuta kichujio kingine cha aina ile, hawakuwa nacho na hawakuwahi kuwa nacho. Haya ninayoandika ni ya yule anayetaka kulipa mara moja tu.

Kuhusu jina: "kifyonza vumbi" ndilo neno la kamusi, lakini dukani ukisema "vakyumu" watakuelewa haraka zaidi.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba yako na daftari

Usianzie dukani. Anzia chumba kwa chumba, uandike sakafu ni ya nini na kuna vitambaa gani. Vigae, saruji iliyosakafiwa, kapeti la plastiki, zulia la manyoya marefu, mkeka wa ukindu, sofa za kitambaa, mapazia mazito, magodoro mangapi, gari lipo au halipo. Andika pia kama kuna ngazi, na nani hasa ataishika hiyo mashine. Kwetu ni mimi na dada anayetusaidia nyumbani, na wote wawili hatutaki kubeba kitu kizito kupandisha ghorofani.

Daftari hilo linaweza kukuambia usinunue kabisa. Kama una chumba na sebule chenye vigae, bila zulia, na kochi ni la ngozi au mbao, fagio laini na deki la maji vinatosha, na tambara bichi linakamata vumbi laini vizuri. Mashine hii inalipa pale penye nyuzi: zulia, godoro, sofa, mapazia, viti vya gari. Huko deki haliingii, na huko ndiko wanakojificha utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho ambao kinyesi chao huamsha pumu na mafua ya mzio. Utitiri hupenda unyevunyevu, kwa hiyo sisi wa pwani tunao wa kutosha.

Niseme wazi hapa, kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa pumu anaweza kuambiwa mengi na muuzaji: mashine peke yake haiponyi nyumba. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, godoro lianikwe, na mtoto atoke chumbani unapofyonza na akae nje kwa muda baadaye, maana hata mashine nzuri hutimua vumbi kidogo.

Hatua ya pili: umeme wa nyumbani kwako

Hapa nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, na plagi yetu ni ile ya pini tatu bapa ya Kiingereza. Ndugu akikuletea mashine kutoka Muscat au Dubai, plagi na volti vitaoana na vya hapa. Ya kutoka Ujerumani au Ufaransa inafaa kwa volti, unabadilisha plagi tu. Lakini ya kutoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja hapa mota inaungua, na transfoma ya kubeba wati 1,200 na zaidi ni nzito na ghali. Shemeji akiwa Marekani na ana nia njema, mwombe atume kitu kingine.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, usiogope sana. Mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.7. Wanaotumia sola ndio wapige hesabu: inveta ya wati 1,000 haitaiwasha. Na ukitumia ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, ifungue waya wote kabla ya kuwasha, kwani waya uliobaki umejiviringisha hupata moto.

Hatua ya tatu: chagua umbo kabla ya kuchagua chapa

Maduka mengi yana aina tano.

Ya kukokota ndiyo yenye kigari kidogo chenye mota, mpira mrefu na bomba la mkononi. Kwa nyumba zetu za mchanganyiko wa vigae na mazulia ya kutandika, hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Uzito uko chini kwenye magurudumu, mkononi unashika bomba tu, na inaingia chini ya kitanda. Waya wa mita 5 pamoja na mpira na bomba unakufikisha kama mita 8 kutoka kwenye soketi, hivyo chumba kizima unakimaliza bila kuhamisha plagi.

Ya kusimama, yenye mota na mfuko juu ya kichwa cha brashi inayozunguka, ilikuzwa na nyumba za Uingereza na Marekani zenye zulia ukuta hadi ukuta. Huko ni mfalme. Kwenye vigae vyetu, brashi hiyo hurusha punje za mchanga pembeni badala ya kuzimeza, na kwenye mkeka wa ukindu inachana nyuzi. Zulia lenye vishada pembeni litavutwa ndani. Ukiipenda bado, hakikisha ina swichi ya kuzima brashi peke yake.

Ya maji na vumbi ni pipa lenye mota juu, la lita 15 na kuendelea, ambalo utaliona kwa waosha magari. Ina nguvu, inavumilia mchanga na matope, inanyonya hata maji yaliyomwagika. Kwa nyumba yenye uwanja wa udongo, au mwenye gari na watoto wadogo, ni kifaa cha kazi kwelikweli. Udhaifu wake ni vumbi laini: nyingi zinakuja na kichujio cha kawaida, na hewa inayotoka nyuma inapuliza kwa nguvu. Nunua na mifuko yake ya kitambaa uivalishe ndani. Na usichanganye kazi bila kusoma kijitabu. Kwa nyingi, kabla ya kunyonya maji unatoa mfuko na kichujio cha karatasi, unaweka cha sponji. Jambo jingine linalowachanganya watu: hii si mashine ya kuoshea zulia. Ya kuoshea ina tangi la pili la maji safi yenye sabuni, inanyunyiza halafu inavuta.

Isiyo na waya, ile nyembamba kama fimbo, ndiyo inayotangazwa sana sasa. Ni nyepesi, kilo 2.5 hadi 3, na dakika yoyote unaichomoa ukutani ukaokota makombo ya watoto. Ila fanya hesabu ya betri mwenyewe. Chukua betri ya volti 25.2 na 2.5 Ah (ampea-saa): zidisha, unapata wati-saa 63. Mota ikivuta wati 400 kwa nguvu kubwa, 63 gawanya kwa 400 ni chini ya dakika 10. Zile "dakika 60" za kwenye boksi ni za nguvu ndogo kabisa, ambayo kwenye zulia haisaidii. Betri nayo inachoka kadiri miaka inavyokwenda, na joto huizeesha mapema. Chagua yenye betri inayochomoka, na uwe umeiona ya kubadilishia ikiuzwa.

Roboti ya kuzunguka yenyewe, sisemi ni mbaya. Zimekuwapo madukani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kwenye vigae vilivyonyooka zinasaidia kila siku. Lakini vizingiti vya milango yetu, nyaya za sakafuni na kandambili vinaisimamisha, na haipandi juu ya godoro. Iwe mashine ya pili.

Hatua ya nne: soma namba za boksi kwa macho ya fundi

Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi ni wati, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Wati 2,200 ni kiasi cha umeme mashine inachokula. Haikuambii inafyonza kiasi gani. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwezi Septemba 2014, ukakishusha hadi 900 Septemba 2017. Nyumba za Ulaya hazikugeuka chafu. Watengenezaji walilazimika kuunda mota, mipira na vichwa bora. Kwa hiyo ukikuta ya wati 850 iliyotengenezwa vizuri pembeni ya ya wati 2,200 isiyojulikana, usidhani ya pili ina nguvu zaidi.

Namba ya pili ni paskali, inaandikwa Pa au kPa (kPa 1 ni Pa 1,000), na kwenye mashine za betri utakuta 20,000 Pa, 25,000 Pa. Hiyo ni nguvu ya kuvuta pale mdomo ukiwa umezibwa kabisa, hewa haipiti. Vumbi halisafiri bila hewa. Ni sawa na bomba la maji lenye presha kali lakini linatoa tone: huwezi kuoshea ua. Namba ya tatu ndiyo inayokamilisha habari, nayo ni kiasi cha hewa, lita kwa sekunde. Mashine inayopitisha lita 30 kwa sekunde huku ikivuta kwa kPa 10 inafanya kazi ya wati 300 za kufyonza, maana 30 mara 10 ni 300. Wati hizi za kufyonza huandikwa AW. Ukizikuta zimeandikwa, linganisha mashine kwa hizo na uzisahau zile nyingine.

Na hata AW ni za mashine ikiwa tupu. Ulaya ilikuwa na lebo ya alama kwa mashine hizi, na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaifuta mwaka 2018 baada ya kampuni ya Dyson kulalamika kwamba vipimo vilifanywa chombo kikiwa hakina vumbi. Malalamiko hayo yana maana kubwa kwako: nyumbani hakuna anayefyonza na mfuko mtupu. Ya kuuliza ni jinsi inavyovuta ikiwa imejaa nusu, na jibu la swali hilo liko kwenye hatua inayofuata.

Kelele utaiona kwa dB, yaani desibeli. Tofauti ya dB 10 sikio huisikia karibu mara mbili, kwa hiyo 70 na 80 si ndugu. Kama mna mtoto mchanga au mnapakana ukuta na jirani, itazame.

Hatua ya tano: vumbi linapokwenda

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu mashine inayonyonya kwa nguvu na kupuliza vumbi laini kwa nyuma ni mbaya kuliko fagio. Inalisaga na kulisambaza.

Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyepata hataza ya mashine ya kuvuta vumbi mwaka 1901, alisimulia kwamba kabla ya kujenga chochote alitandika leso juu ya kiti, akaweka mdomo na kuvuta hewa. Alipoigeuza leso akaona duara la uchafu. Siri yote ilikuwa kwenye kile kitambaa kilichoruhusu hewa na kukataa vumbi, na mpaka leo iko hapo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mfuko. Vumbi linabaki ndani yake, ukijaa unauchomoa, unauziba mdomo na kuutupa bila wingu. Mifuko ya kitambaa cha sintetiki hushika vumbi laini vizuri na haizibi haraka kama ya karatasi. Gharama yake inaendelea, na bila mfuko mashine haifanyi kazi. Njia ya pili ni kikombe kisicho na mfuko. Kizuri kina koni ndani, hewa inazungushwa kwa kasi, vumbi linatupwa pembeni na kuanguka; ndiyo inayoitwa saikloni. Lakini nyingi za bei ya chini hazina koni yoyote. Ni ndoo yenye kichujio katikati, na kichujio hicho kinaziba kwa siku mbili tatu. Ichungulie kabla hujaamini neno "saikloni". Na kumwaga kikombe kunatimua vumbi lote ulilokusanya, hivyo kunafanyika nje, na si mtu mwenye pumu afanye.

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu mimi nimechagua mfuko, na sijajuta.

Halafu kuna kichujio cha kutokea, ambacho hewa inapita mwisho kabla ya kurudi chumbani. Tafuta H13, daraja la kichujio cha HEPA, yaani kile cha kunasa chembe ndogo sana. Kwa kipimo cha Ulaya, H13 kinakamata asilimia 99.95 ya chembe za ukubwa ule unaopenya kirahisi zaidi. Kwa kipimo cha Marekani, HEPA ni asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Boksi likisema "aina ya HEPA" au "mfano wa HEPA" bila namba, halijaahidi kitu. Na kichujio bora kwenye mashine yenye kifuniko kinacholegea hakina kazi, kwa kuwa hewa hupita penye upenyo. Bonyeza kifuniko kwa vidole: kuna mpira wa kuziba ukingoni? Kimekaza?

Hatua ya sita: ulizia spea

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba unioneshe mfuko wake na kichujio chake cha kubadilishia." Aviweke mezani. Akisema vinaagizwa, vitakuja wiki ijayo, nenda duka la pili. Kwangu mimi hili linazidi wati, AW na chapa. Kariakoo nilizunguka asubuhi nzima kwa swali hilo moja, na mashine kumi na kitu zilibaki tatu. Ukipata, nunua mifuko ya mwaka mzima na vichujio viwili siku hiyohiyo, maana mtindo ukitoka sokoni spea hutoka nao.

Pima pia kipenyo cha bomba. La mm 32 au 35 ndilo la kawaida, na ukipoteza kichwa utapata kingine cha chapa yoyote.

Hatua ya saba: ijaribu kabla ya kulipa

Beba kijifuko cha chumvi ya mezani, kiganja cha mchele na kitambaa cheupe. Duka linalokataa kuchomeka mashine sina la kuliambia, naondoka.

Mwaga mchele kwenye kigae na uufuate kwa kichwa cha sakafu ngumu, chenye brashi laini. Ukirushwa mbele badala ya kumezwa, mchanga wako utarushwa vilevile. Mwaga chumvi kwenye kipande cha zulia, isugue kwa kiatu iingie ndani, kisha pitisha kichwa mara mbili tu na uangalie kilichobaki. Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja: mlio wa mota nzima unapanda, na mpira unajikunja. Usipobadilika, hewa inaingia kwa pengine. Mwisho funika tundu la kutokea hewa kwa kitambaa cheupe wakati mashine inavuta vumbi la duka. Kikitoka na kivuli cha kijivu, mwachie mwenyewe.

Kama unanunua mtumba, nusa. Mota iliyochoka ina harufu ya kuungua hata ikiwa haina mzigo, na ukichungulia matundu ya mota unaona cheche nyingi. Huenda ni kaboni zimeisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, na fundi hubadilisha kwa gharama ndogo, lakini bei ishushwe kabla, si baada. Kunja mpira wote polepole ukitafuta nyufa karibu na kishikio, huko ndiko hupasuka kwanza.

Ikishafika nyumbani

Isifyonze saruji, plasta, majivu ya jiko la mkaa wala unga uliomwagika kwa wingi. Majivu yenye kaa moja hai yanaweza kuwasha mfuko. Badilisha mfuko ukifika robo tatu, usisubiri ujae. Nywele za rasta zikijisokota kwenye brashi, zikate kwa mkasi kwa urefu wa roli kila wiki. Fyonza godoro taratibu, sentimita chache kwa sekunde. Ukikimbia hewa haipati muda wa kung'oa kitu.

Kichujio kinachooshwa, osha kwa maji matupu na ukianike kivulini. Vijitabu husema saa 24. Hapa Dar, masika ya Aprili, changu kinachukua siku mbili kamili, na kikirudishwa kibichi kinatoa harufu mbaya na kuziba. Ndiyo maana ninavyo viwili, kimoja kwenye mashine na kimoja kwenye kamba.